Nani Anahesabu Siku za Mionzi?

Mwanamke wa Mahege, wilayani Kibiti, akiambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi na kwamba atahitaji tiba ya mionzi, ana haki ya kuuliza kwanza: ni siku ngapi? Jibu la kawaida ni vipindi 25 vya mionzi ya nje, siku 5 kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Maana yake ni kuhamia Dar es Salaam kwa wiki 5 na zaidi, kwa sababu hakuna awezaye kila siku kwenda hadi kituo cha Mbagala Rangi Tatu, kuunga daladala mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road na kurudi. Na kama mpunga umeshatunga, nani atakaa dunguni kuamia ndege? Idadi hiyo ya siku ilipatikana kwa kupima na kulinganisha, na kwa baadhi ya saratani imekwisha kupunguzwa kwa njia hiyohiyo. Miongoni mwa wanaopima yumo mtaalamu wa fizikia tiba, ambaye mgonjwa huenda asimwone hata siku moja. Nashikilia kwamba utafiti wake ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si pambo la kuongezwa nchi ikishatajirika.

Kazi hiyo inaonekana vizuri katika maisha ya Harold Johns, mwanafizikia wa Kanada. Mashine yake ya kobalti ilifungwa Saskatoon mwezi Agosti 1951, lakini haikumtibu mtu hadi Novemba 8. Katika muda huo yeye na wanafunzi wake walikuwa wakipima jinsi mionzi inavyopungua kadiri inavyozama mwilini, ili daktari ajue uvimbe utapata kiasi gani na viungo jirani vitapata kiasi gani. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, saratani ileile inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Alipona, akaishi miongo mingi. Kobalti ikaenea duniani, na hapa kwetu ndiyo iliyobeba tiba ya mionzi ya nje kwa miaka mingi kabla Taasisi ya Saratani Ocean Road haijapata mashine ya LINAC, itoayo mionzi kwa umeme, mwaka 2018. Ila kobalti hufifia: nguvu yake hushuka kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, na baada ya miaka 5 na ushei hubaki nusu. Dozi ileile huhitaji dakika nyingi zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana, na asiyehesabu upya humpunja mgonjwa. Kinyume chake kilitokea San José, Costa Rica, mwaka 1996. Baada ya kobalti mpya kuwekwa, dakika 0.3 zilihesabiwa kuwa sekunde 30 badala ya 18, na wagonjwa zaidi ya 100 wakapewa mionzi kupita kiasi. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni hesabu.

Wapo watakaosema utafiti tuwaachie wenye fedha, sisi tuchukue matokeo. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Waingereza wameonyesha kwamba saratani ya matiti iliyogunduliwa mapema, iliyokuwa ikitibiwa kwa vipindi 25, inaweza kutibiwa kwa 15, na mwaka 2020 walichapisha matokeo ya vipindi 5 ndani ya wiki moja. Kwa mtu wa Kibiti, kwenye delta ya Rufiji, hiyo ni tofauti ya kurudi shambani au kulipoteza. Lakini kipindi kimoja kikikosewa kati ya 25, umeharibu sehemu ndogo. Kikikosewa kati ya 5, umeharibu sehemu ya tano ya tiba nzima. Kadiri siku zinavyopungua ndivyo mpimaji anavyohitajika zaidi, hapahapa mashine ilipo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa, basi fedha ziende kwenye uchunguzi wa mapema na chanjo. Ziende, tena kwa wingi. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, na hakuna mashine itakayoizidi kwa faida. Hata hivyo mama zao hawakuipata, na wao ndio wanaougua leo. Anayefika na uvimbe mkubwa ndiye mwenye hesabu ngumu kuliko wote, kwa kuwa kibofu na utumbo vimeukaribia. Tena tiba ya saratani hii ikivuka wiki 8, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua kadiri siku zinavyoongezeka. Mashine ikiharibika, au mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yakimzuia mgonjwa Kibiti, inabidi mtu aamue siku zilizopotea zifidiweje: kwa vipindi viwili ndani ya siku moja, kwa Jumamosi, au kwa kuongeza dozi, na kiasi gani. Utafiti uliofanywa kwenye hospitali ambazo mashine zake hazikatiki na wagonjwa wake hawavuki mto unajibu swali hilo nusunusu tu. Nusu iliyobaki imo katika kumbukumbu za tiba za Ocean Road na Hospitali ya Bugando ya Mwanza, ikisubiri mtu aliyepewa muda wa kuzichambua baada ya foleni ya asubuhi kwisha.