Fahamu: Pembetatu moja ya Hanang, majibu mawili

Tangu maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoukumba mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, umbali kati ya makazi na makorongo ya mlima ni suala la uhai. Kanuni ya sini ni nyenzo kongwe ya kupima umbali wa namna hiyo: gawanya kila upande wa pembetatu kwa sini ya pembe inayoukabili, utapata jibu lile lile mara zote tatu. Hatari inakuja unapojua pande mbili na pembe isiyokuwa kati yake. Chukua mfano wa kubuni: kutoka A hadi B ni kilomita 10, pembe ya A ni nyuzi 30, na kutoka B hadi korongo C ni kilomita 6. Kwa kanuni hiyo, sini ya pembe ya C ni 5/6. Kikokotoo kitakupa nyuzi 56.4 na kuinyamazia 123.6, ambayo sini yake ni hiyo hiyo. Kwa pembe ya kwanza, korongo liko kilomita 11.98 kutoka A. Kwa ya pili, 5.34. Majibu yote mawili ni halali, na tofauti yake inatosha kukosea kijiji kizima.

Wapo watakaosema setilaiti zimemaliza shida hii. La hasha: vipimo vya umbali kutoka setilaiti tatu navyo hukutana mahali pawili, na kifaa hulazimika kuchagua palipo karibu na uso wa dunia. Kuongeza desimali hakusaidii. Kinachohitajika ni kipimo kingine, mathalani pembe ya B. Walimu wa Hanang na wilaya jirani ya Mbulu, watakeni wanafunzi wachore kwanza, kisha waandike pembe zote mbili kabla ya kufuta moja.