Baiskeli hadi Ijenda, miguu hadi kilele cha Heha

WAHENGA walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi nilianza na magurudumu, miguu ikafuata.

Mlima Heha, wenye mita 2,670 hivi kutoka usawa wa bahari, ndio mrefu kuliko yote nchini Burundi. Uko mashariki ya Bujumbura, si mbali na Ijenda. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, hivyo anayetoka mjini kwa baiskeli ana karibu mita 1,900 za kupanda. Ndiyo maana mimi sikuanzia huko. Nafundisha upande wa Matana, juu kwenye mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na Nile, na Barabara ya Taifa Namba 7 hupita juu kwa juu hadi Ijenda.

Ndugu msomaji, utauliza kulikoni mwalimu mzima kuhangaika hivyo. Baba yangu alikimbia mwaka 1972, na baadaye akaishi Mishamo, Tanzania. Huko nilizaliwa, huko nikasoma kwa Kiswahili. Kila kiangazi alituhadithia baridi ya Heha, nasi tukicheka kwa kuwa Mishamo ni joto. Alifariki kabla ya safari ya kurudi. Mimi nilirudi mwaka 2009.

Niliondoka alfajiri na baiskeli isiyo na gia. Penye mwinuko mkali nilishuka nikaisukuma, kama wafanyavyo wabeba mizigo wa Manyovu na Mugina. Hakuna aibu: anayeng'ang'ania kukanyaga pedali hufika chini ya mlima akiwa hana miguu ya kuupandia.

Njia ya gari ilipogeuka kuwa ya ng'ombe, nilibisha hodi kwenye boma la mzee mmoja nikaomba aniwekee baiskeli.

"Wewe ni wa mlima gani?" aliniuliza kwa Kirundi.

Kwetu huo ndio utambulisho wa mtu. Nilitaja mlima alioutaja baba, kwa lafudhi yangu ya Tanzania. Niliogopa angecheka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi umefika nyumbani, mwanangu. Baiskeli haiendi popote."

Kutoka hapo ni miguu tu, katikati ya malisho na mashamba ya viazi. Kileleni upepo ulikuwa mkali. Magharibi niliona ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Nilivaa koti la baba, nikaelewa kwamba hakuwa akitutania.

Kwa wanaotaka kwenda, zingatieni haya. Juni hadi Agosti njia ni kavu, lakini ukungu wa vumbi na moshi huficha ziwa. Mvua zikianza anga husafishika, ila tope huwa jingi. Bebeni maji, sweta, pampu na viraka. Kagueni raba za breki kabla ya kushuka, na mshike breki zote mbili kidogo kidogo. Mteremko wa kwenda Bujumbura umeua watu. Aliyeweka baiskeli yenu apewe asante yake.

Niliporudi, mzee alikuwa ameziba pancha ambayo mimi sikuiona. Alikataa pesa. Aliomba kitu kimoja: kiangazi kijacho niwalete wanangu.

Nimeahidi. Wao pia walizaliwa ng'ambo, na bado wakiulizwa mlima wao hunitazama mimi.