Baba Mzima, Mbona Bado Wacheka Katuni?

Wapo wanaume wa makamo ambao, wageni wakibisha hodi na kuwakuta wakimcheka paka Tom akimfukuza panya Jerry, hubadilisha stesheni upesi na kujidai walikuwa wakingojea taarifa ya habari. Wanaogopa kuitwa watu wazima ovyo.

Lakini je, ni nani aliyesema katuni ni za watoto pekee?

Wamarekani William Hanna na Joseph Barbera walipoanza visa vya Tom na Jerry mwaka wa 1940, televisheni zilikuwa bado hazijaenea majumbani. Visa hivyo vilionyeshwa katika majumba ya sinema, na waliovunjika mbavu ni wazee kwa vijana. Vilitwaa tuzo 7 za Oscar. Hata The Flintstones, iliyoanza mwaka wa 1960, ilipangiwa saa za usiku, wakati baba ametoka kazini na jamaa yote imeketi.

Hapa kwetu, wengi wanamkumbuka Juha Kalulu wa marehemu Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo. Ni baba wangapi walioanza na vituko vya Juha kabla ya kugusa habari za siasa? Mwaka wa 2010 nao ulileta Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizotengenezwa jijini Nairobi kwa mtindo wa michoro uliozaliwa Tanzania. Mzazi aliyesimuliwa ngano na nyanya yake hakuhitaji mkalimani.

Tena sanaa hii si lelemama. Ili mhusika aonekane akitembea, picha 24 hupita machoni kila sekunde. Mtu mzima huuona ufundi huo, na huuelewa mzaha unaompita mtoto.

Hapo ndipo penye faida kwa jamii. Mzazi apendaye katuni hujua kwamba zipo zisizowafaa watoto wadogo. The Simpsons, iliyoanza mwaka wa 1989, imejaa kejeli za wakubwa. Grave of the Fireflies, filamu ya Kijapani ya mwaka wa 1988, yaeleza masaibu ya ndugu wawili waliopoteza wazazi vitani, na imewatoa machozi watu wazima. Anayemwachia mtoto televisheni kwa kuwa "ni katuni tu" hajui mwanawe anajifunza nini.

Basi mzazi, usione haya. Keti nao. Cheka nao, kisha waulize: kwa nini Jerry, mdogo vile, humshinda Tom? Majibu yao yatakufunulia mengi kuhusu yanayowasibu shuleni na mtaani. Ila kila jambo lina kiasi chake. Kazi ya shule ikikamilika na vyombo vikioshwa, ndipo kitufe kibonyezwe, na sheria hiyo imhusu baba pia.