Sauti ya Mdogo Kazini: Jinsi Kikundi Kinavyojifunza

Kazi nyingi za kitaalamu hazifanywi na mtu mmoja. Ndege kubwa, maabara na chumba cha upasuaji huhitaji watu wenye ujuzi na vyeo mbalimbali, na kila mmoja wao huona sehemu tu ya kazi. Kwa hiyo kikundi hujua mengi kuliko mkubwa wake, mradi kila aonaye jambo alitaje. Aghalabu kinachozuia jambo lisitajwe ni cheo.

Ajali ya Tenerife

Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za aina ya Boeing 747 ziligongana katika ukungu kwenye uwanja wa Tenerife, katika Visiwa vya Canary vya Hispania. Watu 583 walikufa. Chombo cha kunasa sauti kilionyesha kwamba, ndege moja ilipokuwa imekwisha kuanza kukimbia ili iruke, mhandisi aliyekuwamo aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imetoka njiani. Rubani mkuu, aliyeheshimiwa sana katika shirika lake, alijibu kwa mkazo kuwa imetoka. Ndege iliendelea kukimbia. Ajali hiyo ilikuwa na sababu nyingi, yakiwamo maneno ya redio yasiyosikika vema. Lakini ilidhihirisha kwamba shaka iliyoweza kuokoa watu ilikuwamo chumbani, ila haikupewa uzito.

Mwaka 1979 NASA, shirika la Marekani la utafiti wa anga, liliwakutanisha wataalamu kuchunguza makosa ya namna hiyo. Kutokana na juhudi hizo yalianzishwa mafunzo yanayomfundisha rubani mkuu kuomba maoni, na msaidizi wake kueleza shaka waziwazi.

Orodha ya Upasuaji

Fikra hiyo iliingia pia hospitalini. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kukaguliwa katika upasuaji. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya mgonjwa kutiwa usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Kabla ya kukata, kila aliyemo hutaja jina na kazi yake. Hivyo hata muuguzi mdogo hupata nafasi ya kusema. Mwishoni vyombo, sindano na pamba huhesabiwa, na hitilafu yoyote ya vifaa hutajwa ili irekebishwe kabla ya mgonjwa mwingine. Hapo ndipo kikundi kinapojifunza.

Orodha hiyo ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane za nchi nane, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Karatasi Haitoshi

Hata hivyo, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 kuhusu hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, haukuona upungufu wa vifo ulio dhahiri baada ya orodha kuanza kutumiwa. Baadhi ya wataalamu walieleza kuwa karatasi iliyojazwa alama bila watu kuzungumza haiwezi kuleta mabadiliko. Chombo ni kile kile. Tofauti hutokana na namna watu wanavyokitumia.

Somo hili lafaa hata katika maabara ya shule. Kabla ya jaribio, kila mwanafunzi ataje kazi yake na hatari anayoiona. Baada ya jaribio, kikundi kieleze kilichoharibika na sababu yake, akianza mdogo na kumalizia mwalimu. Kwani mkubwa akitangulia, wengine humfuata. Kuuliza si ujinga, na mwenye kuulizwa hana budi kujibu kwa kutazama tena, si kwa kutegemea cheo chake.