Miji ya Kale ya Nepal: Nani Anavuna Mgeni Anapotembea kwa Miguu?

Msimu wa machipuko wa mwaka 2023, serikali ya Nepal ilitoa vibali 478 vya kupanda Everest, idadi iliyovunja rekodi zote za nyuma. Kibali cha mgeni mmoja kilikuwa dola 11,000, kwa hiyo hazina ilikusanya takriban dola milioni 5, na habari hiyo ikaenea dunia nzima. Mwaka huohuo wageni 1,014,882 waliingia nchini. Wengi wao hawakukanyaga theluji hata siku moja. Walikanyaga matofali ya Kathmandu, Patan na Bhaktapur, miji mitatu ya kifalme iliyomo ndani ya bonde moja lenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na biashara iliyozaliwa na miguu yao huandikwa mara chache sana kwenye kurasa za uchumi.

Fahari ya miji hiyo ilitokana na kugawana urithi. Mfalme Yaksha Malla alipofariki mwaka 1482, wanawe waligawana milki, na baadaye, kwa miaka mingi, bonde likawa na wafalme watatu waliokuwa wakishindana kujenga. Mmoja akiinua hekalu, jirani yake hakulala mpaka ainue lake. Mashindano hayo yaliisha Prithvi Narayan Shah wa Gorkha alipoiteka miji yote mnamo 1768 na 1769, lakini majengo yalibaki. Patan iko ng'ambo tu ya mto Bagmati ukitoka Kathmandu, na Bhaktapur iko kilomita 13 hivi kuelekea mashariki. Vichochoro vya miji hiyo vilipimwa kwa mtu mwenye mzigo mgongoni. UNESCO iliorodhesha bonde hilo kuwa urithi wa dunia mwaka 1979.

Kwa mfanyabiashara, tofauti kati ya mgeni wa basi na mgeni wa miguu ni kubwa. Wa basi hushushwa uwanjani, hupiga picha, husikiliza maelezo na kurudi hotelini kula chakula alichokwisha kulipia kwa wakala. Wa miguu hutoka Thamel, mtaa wa hoteli, akashuka polepole hadi soko la Asan, akapita Indra Chowk kwenye maduka ya shanga, na kutokea Hanuman Dhoka, kasri ya zamani. Umbali ni chini ya kilomita mbili, lakini humchukua nusu siku, kwa sababu njiani kuna viungo, vyombo vya shaba, chai ya maziwa, maandazi ya mchele, na vihekalu ambavyo wenyeji huvizunguka wakiwa njiani kwenda kazini. Anachonunua kila mahali ni kidogo. Ukijumlisha, hela yake imepita mikononi mwa watu kumi au kumi na watano ambao wakala wa Ulaya hawajui kabisa.

Mlima nao unalisha watu, tena wengi: wapagazi, wapishi, wenye nyumba za kulala wapandaji, marubani wa ndege ndogo zinazotua Lukla, huko milimani. Lakini una misimu yake. Kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba mvua huziba vilele na kuharibu njia, na Januari baridi ya juu huwafukuza wengi. Mji haufungwi. Kathmandu ya Januari ina jua la mchana linalofaa kabisa kwa kutembea, na mwishoni mwa mvua ndipo huja Indra Jatra, sikukuu ambayo Kumari, binti anayeabudiwa kama mungu hai, huzungushwa mitaani juu ya gari la kuvutwa kwa kamba. Mwenye hoteli anayetegemea wapandaji peke yao hupunguza wafanyakazi mara mbili kwa mwaka. Anayepokea watembeaji wa mjini anaweza kumlipa mpishi wake mshahara wa miezi kumi na miwili.

Kati ya mgeni na mfanyabiashara anakaa mtembeza wageni. Kisheria anatakiwa kuwa na leseni ya Idara ya Utalii, na wengi hupitia mafunzo ya chuo cha serikali cha utalii na hoteli kilichoanzishwa mwaka 1972. Anayeijua kazi hii anastahili kila senti: hueleza kwa nini mihimili ya hekalu fulani imechongwa vile, hujua ua upi una kisima cha karne nyingi, na hukufikisha kwa mchongaji akiwa kazini. Tatizo liko kwenye malipo. Mawakala wanaponyang'anyana wateja kwa bei, cha kwanza kukatwa ni ujira wa mtembezaji, naye hulazimika kufidia pengo kwa kamisheni za maduka. Matembezi yaliyotangazwa kuwa ya historia yanageuka kuwa ziara ya duka la picha za kidini za thangka, kisha duka la mabakuli yanayoimba, kisha duka la mashali. Bei anayotajiwa mgeni imekwisha kubeba fungu la aliyemleta, na fundi aliyekaa majuma mazima akichora hupata kilichobaki. Waliokulia Mji Mkongwe wa Zanzibar watautambua mchezo huu mara moja, maana papasi wetu wanaucheza vilevile. Naamini kabisa kwamba ujira ulio wazi, uliotajwa kwa mgeni tangu mwanzo na kulipwa kwa saa, ungesaidia mtembezaji na fundi kwa pamoja kuliko semina yoyote ya maadili.

Mji uliofikiri mbali zaidi kuhusu mahali pesa ya mgeni inapoishia ni Bhaktapur. Kuanzia mwaka 1974, mradi mkubwa uliofadhiliwa na Ujerumani Magharibi ulikarabati mahekalu, ukachimba mitaro ya maji machafu na kutandaza matofali barabarani. Wafadhili huondoka, na miradi mingi hufa nao. Bhaktapur iliamua kumtoza mgeni kiingilio. Kwa miaka kadhaa tiketi ya wageni wengi kutoka nje ya Asia Kusini ilikuwa rupia 1,500, na tangu hapo imepandishwa tena. Ya Hanuman Dhoka ilikuwa 1,000. Vibanda vya tiketi vimewekwa kwenye milango ya kuingilia mji wa kale, na fedha zinapokelewa na manispaa yenyewe, hazipandi kwanza hadi wizarani na kungoja mgawo wa bajeti. Ndiyo sababu paa likivuja, anayeombwa pesa na aliyekusanya pesa wako mtaa mmoja. Wapo wageni wanaonung'unika kwamba bei ni kali. Nami nawaelewa, lakini ningewaomba watazame chini: njia safi wanayoitembelea imetokana kwa sehemu kubwa na tiketi za waliowatangulia.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 25 Aprili 2015. Tetemeko la kipimo cha 7.8 liliua karibu watu 9,000 nchini na kuangusha mamia ya majengo ya kale. Hekalu la Nyatapola la Bhaktapur, lenye paa tano, lililojengwa na mfalme Bhupatindra Malla mwaka 1702, lilibaki wima kama lilivyobaki wakati wa tetemeko la 1934. Mengine yalilala chini, na nyumba za raia zikaporomoka mitaa kwa mitaa. Katika kujenga upya, njia ziligawanyika. Jijini Kathmandu, sheria ya manunuzi ya umma ilielekeza kazi kwa mkandarasi mwenye bei ya chini. Kwenye bwawa la Rani Pokhari saruji ilianza kumwagwa mahali palipostahili matofali na udongo, wananchi wakaandamana mpaka kazi ikasimamishwa na kuanzwa upya. Kwa Kasthamandap vilevile, jengo la kale la mbao lililoporomoka, ni harakati za wenyeji zilizolitoa mikononi mwa zabuni na kulirudisha kwa mafundi wa jadi. Bhaktapur haikusubiri maandamano. Manispaa ilikabidhi kazi nyingi kwa kamati za wakazi wa mtaa husika, zikanunua vifaa na kuajiri mafundi wao wenyewe.

Kwa macho ya uchumi, uamuzi huo ulifufua tasnia iliyokuwa ikififia. Kujenga hekalu la Kinewari, yaani la mtindo wa Wanewari, wenyeji wa bonde hilo, kunahitaji magogo ya mti wa sal yanayotoka nyanda za kusini, matofali maalumu yenye uso laini yaliyochomwa kwa namna ya zamani, na wachongaji wanaoweza kukaa juu ya dirisha moja kwa miezi. Ghafla wote wakatafutwa kwa wakati mmoja. Viwanda vya matofali vikapata oda, na mafundi wazee wakapata wanafunzi. Lakini hawakutosha, kwa kuwa vijana wa Nepal kwa maelfu wako Qatar, Saudia, Falme za Kiarabu na Malaysia, na fedha wanazotuma nyumbani ni karibu robo ya pato la taifa. Kijana anayefikiria kushika patasi huipima kazi hiyo na mshahara wa Doha. Kila tiketi inayomweka mchongaji kazini inapunguza ukali wa mizani hiyo.

Patan imekwenda njia nyingine kidogo. Sehemu ya kasri yake iligeuzwa makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1997 kwa msaada wa Austria, na hadi leo ni miongoni mwa makumbusho bora ya Asia Kusini. Nyuma ya uwanja, kwenye nyua za ndani, familia za mafundi husubu sanamu za shaba kwa kalibu za nta, kisha kuzipaka dhahabu, na wateja wao ni monasteri za Kibudha na wakusanyaji wa sanaa wa mabara kadhaa. Kwao mtembeaji ni mteja wa ziada. Kipya zaidi ni nyumba za kale zilizokarabatiwa na wenyewe kuwa nyumba za wageni zenye vyumba vichache, dari fupi na madirisha ya kuchongwa. Nazipenda kwa sababu zinajibu swali linaloua miji ya kale kila mahali: mwenye nyumba atapata nini akikataa kuibomoa?

Swali hilo ni zito, kwa sababu nyumba za Kinewari hurithiwa kwa kupasuliwa. Ndugu watatu hugawana nyumba moja kutoka juu hadi chini, kila mmoja akabaki na kipande chembamba, na aliye na uwezo hukibomoa chake na kuinua ghorofa nne za zege. Ujenzi wa namna hiyo ndio uliolipeleka bonde kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2003 hadi 2007. Bhaktapur hutoa ruzuku kwa anayetumia matofali, mbao na vigae vya asili upande wa mbele wa nyumba. Hata hivyo, pikipiki hupenya kila kichochoro cha Kathmandu, na hewa ya bonde hilo mwishoni mwa kiangazi huwa miongoni mwa hewa chafu kuliko zote duniani. Thamel ilitangazwa kuwa mtaa usio na magari mwaka 2017, hatua njema iliyostahili kusimamiwa kwa bidii zaidi.

Zanzibar inaweza kujifunza hapa. Mji Mkongwe uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2000, na Desemba 2020 sehemu ya jumba lake la Beit al-Ajaib iliporomoka. Mji wa namna ile unatembelewa kwa miguu saa zote, na wenye nyumba za mitaa ya ndani wangekuwa na haki ya kuuliza ni kiasi gani cha pesa ya watembeaji hao kinarudi kwenye kuta zao.

Nepal ilipokea wageni 1,147,567 mwaka 2024, pungufu kidogo ya 2019, huku Wahindi peke yao wakizidi 300,000. Septemba 2025 maandamano ya vijana yaliiangusha serikali, na majengo yakachomwa Kathmandu, ikiwemo hoteli kubwa ya kimataifa, wiki chache tu kabla ya msimu wa wageni. Mwezi huohuo kibali cha Everest kilipanda hadi dola 15,000. Serikali bado inakimbilia mlimani inapotaka mapato, na naona inakosea. Tiketi ya Bhaktapur inaweza kurefushwa hadi wiki nzima bila malipo zaidi, lakini wengi wanaoinunua hufika saa nne asubuhi kutoka Kathmandu, hula bakuli moja la mtindi mtamu wa juju dhau, na kuondoka kabla ya jua kuzama. Mwenye kuwalaza usiku mmoja atauza chakula cha jioni, kifungua kinywa na matembezi ya alfajiri kwa mgeni yuleyule, ambaye kiingilio chake kimekwisha kulipwa.