Gemu Inakwama? Chunguza Kwanza Inakwama Lini

Kompyuta mpakato inayotumika Swima, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, hukabiliwa na joto la mchana, umeme wa paneli za jua au jenereta, na vumbi la kiangazi linalotimka kwenye barabara ya udongo. Kijana akifungua gemu ya mpira na wachezaji wakaanza kukwama uwanjani, huambiwa upesi kwamba mashine imezeeka. Kabla ya kutoa fedha, afanye kama muuguzi anayemuuliza mgonjwa homa ilianza lini. Wakati tatizo linapojitokeza hueleza mengi kuhusu chanzo chake.

Gemu ikienda vizuri dakika kumi au ishirini za mwanzo kisha ikazorota, shuku joto. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zimewekewa kikomo cha nyuzi joto 100 hivi za Selsiasi. Zikikaribia hapo hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Vumbi likiziba matundu na feni, hewa ya moto haipati pa kutokea. Zima mashine, chomoa chaja, kisha safisha matundu kwa brashi laini kavu. Iweke juu ya meza, wala si kitandani, kwa sababu godoro huziba matundu ya chini. Ikiwa ina miaka kadhaa, fundi anaweza kuifungua, kuondoa vumbi la ndani na kubadilisha pasta inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa.

Ikizorota mara tu unapochomoa chaja, chanzo ni umeme. Mashine nyingi hujibana zinapotumia betri ili chaji idumu. Ichezee ikiwa imechomekwa, na uchague utendaji wa juu katika mpangilio wa umeme. Hakikisha pia chaja ina nguvu inayotakiwa. Mashine za kawaida hutumia chaja za wati 45 au 65, lakini zile zilizotengenezwa kwa ajili ya gemu zinaweza kuhitaji wati 150 na zaidi.

Wanaotegemea jua wapige hesabu mapema. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600, lakini inashauriwa kutumia nusu tu ili isife mapema. Inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme huo. Mashine inayokula wati 65 itacheza kwa saa zisizofika nne. Betri ikichoka, inveta hulia na kuzima, na kosa si la kompyuta.

Ikiwa gemu ni nzito tangu sekunde ya kwanza, kadi ya michoro imezidiwa. Ili picha ziende sawia, mashine inatakiwa kuchora fremu 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ikamilike ndani ya milisekunde 17 hivi. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Ya 1280 kwa 720 haifiki milioni moja. Punguza ukubwa wa picha, kisha vivuli, na utaona nafuu bila kutoa hata faranga moja.

Kukwama kwa ghafla kila baada ya muda mfupi huashiria kumbukumbu (RAM) iliyojaa au diski ya kizamani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja: Windows itakuonyesha programu zinazokula RAM, prosesa na diski. Zifunge zile usizozihitaji. Hapa ndipo fedha hufanya kazi: kuongeza RAM, au kubadilisha diski inayozunguka kwa SSD, huipa mashine ya zamani uhai mpya kwa gharama ndogo kuliko kununua nyingine.

Mwili wa mchezaji nao unastahili uangalizi. Kompyuta yenye moto ikipakatwa mara kwa mara kwa saa nyingi huweza kuacha mapajani madoa mekundu au ya kahawia yenye umbo la wavu, hata kama hukuhisi kuungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wanaume 29 ulionyesha kuwa kupakata kompyuta kwa saa moja hupandisha joto la mfuko wa korodani kwa zaidi ya nyuzi 2.5, na korodani huhitaji ubaridi ili kutengeneza mbegu.

Betri ya kompyuta iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa, kwani inaweza kuwaka; mpelekee fundi. Jenereta ikae nje, mbali na milango na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa wamelala. Hakuna mechi inayostahili hatari hiyo.