BUMU SI MSHAHARA, WAZEE!

Kijana wa Gwarama, kule Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo, akipata chuo Dar kijiji kizima kinajua. Basi mizinga inaanza. Mjomba anataka bati, shangazi kaugua, mdogo mtu anadaiwa michango ya shule. Eti si analipwa na serikali?

Wazee wetu, shikamooni. Bumu si mshahara. Ni deni, na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, itakuja kulidai. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, hela ya kula na kulala imefika shilingi 10,000 kwa siku, na mjini hapa hiyo inakwisha kabla jua halijazama. Wengine wanakopeshwa ada nusunusu, iliyobaki ni ya nyumbani. Isipolipwa, mtihani mtu anausikia kwa wenzake. Wapo wanaorudi na begi ukadhani wamedisko, kumbe ukata tu.

Dawa ni kikao cha ndugu, tena mapema, kabla maharage yote hayajaishia kwa mlanguzi. Gunia la ada litengwe, lisiguswe hata kwa harusi. Anayesoma karibu, kama pale Chuo cha Ualimu Kasulu, apelekewe unga. Wa Dar apigiwe simu ya "umekula?", siyo ya bati. Mama hahitaji kuijua GPA ndiyo aulize hilo.

Na wewe msomi, ukikamata sapu sema nyumbani. Acha kutuma picha za Coco Beach na miwani ya kuazima. Mjomba kaziona, ndiyo maana kaomba bati.